Vishale Vyangu Ukutani

Hasira hii ilianza na zawadi, na ndiyo maana imenichukua muda mrefu kuitubu. Mtu akikuibia, unajua pa kuanzia. Lakini mtu akikupa kitu mbele ya watu, baada ya sala, nawe ukakipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo kama ulivyolelewa, utakwenda kumshtaki wapi?

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mjane, mkazi wa Kiseke. Nimewafundisha watoto wa parokia yetu kujiandaa na komunyo ya kwanza kwa muda mrefu hata sasa nafundisha watoto wa wale niliowafundisha. Na kila Jumamosi mchana naenda Nyakato, kwenye ukumbi wa wastaafu wa viwandani, kurusha vishale kwenye ubao wenye namba. Wapo wanaoshangaa. Ukumbini wanaume wanakunywa bia, sisi wanawake soda, mimi chai ya tangawizi. Paroko aliwahi kuniuliza kama ni kweli. Nikamjibu, "Ni kweli, Baba. Dhambi ingekuwa inakaa kwenye ubao tungeshaigonga." Akacheka, na hakuniuliza tena.

Mwenyekiti wa ukumbi ule ni mwalimu mkuu mstaafu. Ni mdogo kwangu kwa miaka minane hivi, na hajawahi kunipita bila kuniamkia. Ni mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele sitakuwa na hamu ya kulisema.

Mwaka huu timu yetu ya wanawake ilialikwa kucheza na klabu moja ya Nyegezi. Tuko watano. Mwenyekiti akaweka kanuni, akaiandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: kila mmoja atarusha raundi kumi, vishale vitatu kila raundi, na asiyefikisha alama mia nne hataenda. Atakayekosa atarudia mara moja Jumamosi inayofuata, kisha basi. Kanuni ni nzuri. Sina ugomvi nayo. Mia nne mimi nilikuwa nazipata hata nikiwa na mafua.

Kisha akaleta zawadi.

Alikuwa amewaona mabingwa kwenye televisheni, akawaona wanarusha vishale vyembamba, virefu, laini, uzito wote umekaa mbele karibu na ncha. Akatununulia vya aina hiyo, seti tano zinazofanana kama mapacha. Akatupanga mstari. Akatuombea. Akatukabidhi mmoja mmoja huku watu wakipiga makofi. Mwishoni akapitisha mkebe wa biskuti mtupu, akasema, "Na vile vya zamani, mama zangu, mviweke humu. Navyo vikapumzike."

Mwenzangu aliyesimama kushoto kwangu, tuliyefanya naye kazi meza moja kiwandani, alivigeuza vyake kwenye mwanga, akaninong'oneza, "Vinang'aa kama vijiko vya harusi."

"Nyamaza."

"Nauliza tu kama kuna wali."

Nikaweka vyangu vitatu mkebeni. Nilidhani tunafuata utaratibu wa siku, kwamba baada ya soda kila mtu atachukua chake. Nilipoinua macho mkebe ulikuwa umeshaondoka.

Sasa lazima nieleze mkono wangu, kwa sababu jambo zima liko hapo.

Nilikuwa mkata minofu. Miaka kumi na minne nilisimama kwenye meza ya chuma katika kiwanda kimoja kando ya ziwa, mabuti ya mpira miguuni, barafu mpaka kwenye viwiko, nikimfungua sangara kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani kwa mkato mmoja. Pale kulikuwa na desturi ambayo hakuna msimamizi aliyeianzisha. Siku unapopewa kisu unapewa pia jioni moja ya kukivisha. Unakwenda nacho nyumbani, unakizungushia mpini uzi wa nyavu, unabana hapa, unalegeza pale, mpaka mpini unajaa kiganja chako na si cha mtu mwingine. Kesho yake unarudi nacho kazini, na tangu hapo hakuna anayekigusa. Unaweza kuazima aproni ya mtu, unaweza kuazima hata mtoto wake akakubebee mzigo, lakini kisu hapana. Aliyeshika kisu cha mwenzake alikuwa anatafuta kujikata.

Mimi nilijikata kwa kisu kisichokuwa changu. Changu kilipelekwa kunolewa, msimamizi akanipa kingine akisema visu vyote ni sawa. Mpini ulikuwa mwembamba mno, ukazunguka kwenye vidole vyenye shombo, na kisu kikapita kwenye kano la kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kilipona lakini hakijakunja tena. Mpaka leo kimenyooka, daima kinaonyesha kitu. Wajukuu zangu walipokuwa wadogo walidhani nawasema.

Wakanipa ufagio wa kantini. Baada ya miaka miwili wakanipa barua. Ofisa aliyenipa hakuinua macho kwenye karatasi zake. Alisema, "Mkono huu hauna kazi tena, mama. Nenda ukapumzike." Nimesali kwa ajili ya mtu yule. Nimesali kwa ulimi. Moyo ulichukua muda zaidi, na sina hakika kama umefika.

Lakini katika miaka ile miwili ya ufagio, Mungu alinipa vishale. Ubao ulikuwa ukutani kwenye kantini, na aliyeutunza alikuwa mzee mmoja wa chumba cha baridi. Amekwishatangulia mbele ya haki. Vidole vyake viwili vilikuwa havina hisia kwa sababu ya barafu, kwa hiyo alipenda kutazama mikono ya watu. Siku moja aliniona nimesimamia ufagio nikiutazama ubao, akaweka penseli mezani.

"Iokote."

Nikaiokota.

"Usiibadilishe. Kaa hivyo hivyo." Akainama akaitazama mikono yangu kutoka pembeni, halafu kutoka chini, kama mtu anayetafuta pancha. "Umeiokota kwa dole gumba na kidole cha kati. Hiki mkorofi kimelala juu. Hiki cha pete kimekuja kutegemeza chini. Basi huo ndio mshiko wako, na usikubali mtu akufundishe mwingine."

Alikuwa na mkebe uliojaa vishale visivyofanana. Akanieleza kwamba watu wanatazama mabawa kwa sababu yana rangi, na wanaogopa ncha kwa sababu inachoma, lakini kishale ni kiwiliwili, yaani kile kipande cha chuma cha katikati ambacho vidole vinakishika. Mwenye vidole vinne vyenye afya anaweza kushika kirefu na chembamba, kwa sababu vidole vingi vinataka nafasi ya kukaa. Mwenye vidole viwili vya kazi anahitaji kifupi na kinene, ili kisizunguke. Mkono mkavu unataka chuma chenye mikwaruzo, vinginevyo kitateleza kabla hujakiachia. Mkono wa jasho nao una mambo yake. Na uzito lazima ukae pale dole gumba linapokaa. "Kilaze juu ya kidole kimoja," alisema. "Kikitulia bila kuanguka, hapo ndipo moyo wake ulipo. Moyo wake ukiwa mbali na dole gumba lako, hamtaelewana."

Alinifanya nijaribu kila kimoja, siku baada ya siku, wakati wa chai. Nilikuwa nimeshakata tamaa ndipo nilipogundua jambo nyumbani, nikisali rozari. Nilitazama chini nikaona nimeshika punje kwa dole gumba na kidole cha kati, cha shahada kimenyooka juu. Mshiko ule ule. Tangu nijikate nilikuwa nasali nao kila siku bila kuujua. Kesho yake nilichukua rozari nikaenda nayo kantini, nikawa nashika punje, nafumba macho, nashika kishale, narudi kwenye punje. Viwiliwili vitatu vya shaba, vifupi, vinene kuliko kalamu, vyenye pete za mikwaruzo upande wa nyuma, vilinipa mkononi raha ile ile. Mzee akasema, "Ndivyo hivyo. Vichukue." Nilipopewa barua ya kwenda kupumzika, vilikuwa mfukoni mwa aproni.

Hivyo ndivyo vilivyokwenda kwenye mkebe wa biskuti.

Siku ya kwanza ya mazoezi na vile vya zawadi nilipata mia mbili sitini na tisa. Nilisoma hesabu ile ubaoni mara mbili. Chuma laini kilikuwa kinajiviringa katikati ya vidole vyangu viwili, na kwa kuwa uzito ulikuwa mbele, kile kidole kilichonyooka kilikuwa kinakisukuma pua chini kabla hakijaniacha. Nalenga ishirini juu, kishale kinashuka kwenye tatu, au kinagonga waya na kuanguka sakafuni. Wenzangu wanne, wenye vidole vyao vyote, walikuwa wanaendelea vizuri. Nilifurahi kwa ajili yao, na kufurahi kwenyewe kulinitoa jasho.

Nikamwendea mwenyekiti kwa adabu.

"Mwalimu, vishale hivi ni vizuri sana, lakini havinifai."

"Mkono utazoea, mama."

"Mkono huu hauzoei. Una kilema."

"Mama, ni suala la mtazamo. Teknolojia imebadilika." Akanishika bega kwa upole. Kwa upole, hilo ndilo linaloniuma. "Na hata usipofikisha, usijali kabisa. Tumeshazungumza kwenye kamati. Tutakufanya mlezi wa timu. Utakaa kwenye kiti chako mbele, utupe baraka, upumzike."

Nimejifunza kuliogopa neno hilo. Nilirudi Kiseke nikapanda mlima wa mawe mpaka nyumbani, nikaketi, nikashika rozari nisali kwa ajili ya mwenyekiti. Sikuvuka fumbo la kwanza. Kila nikishika punje nakumbuka chuma changu. Nilikasirika mpaka nikaogopa. Nilijiambia: wewe unafundisha watoto uvumilivu, wewe umezika mume na watoto wawili ukasema jina la Bwana litukuzwe, leo unataka kulia kwa ajili ya vyuma vitatu? Na nilijibu kwamba ndiyo, nataka kulia. Wafu wangu Mungu aliwachukua. Vyuma hivi amevichukua mwalimu mstaafu, na hakuuliza.

Wiki hiyo hiyo, Jumatano, nilikwenda ukumbini kuomba mkebe. Sikuhitaji kuuliza. Juu ya mlango kulikuwa na ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi ya bluu, na juu yake samaki mkubwa. Sangara. Alikuwa ameundwa kwa vishale vyetu kumi na vitano vya zamani, vimegandishwa kwa ile gundi ya mafundi ya mirija miwili inayochanganywa. Mabawa yalikuwa magamba. Vyangu vitatu, kwa kuwa ni vifupi na vinene, vilikuwa mkia. Chini yake, kwa mwandiko ule mzuri, iliandikwa: HISTORIA YETU.

Nilisimama pale muda gani sijui. Ninachojua ni kwamba watu husubiri mtu afe ndipo waitundike picha yake ukutani. Mimi nilikuwa nimetundikwa nikiwa hai, kwa upendo, tena nimefanywa mkia.

Mwenzangu wa meza nilimpigia simu. Alhamisi asubuhi alinikuta mlangoni pa ukumbi, na mkobani alikuwa na kisu chake cha kiwandani, kile kile, uzi wa nyavu umekuwa mweusi kwa miaka.

"Tukikutwa tutasema nini?" aliuliza.

"Tutasema ukweli."

"Mimi nitasema tunapara samaki."

Tukamshusha sangara, tukamlaza juu ya meza ya bao. Nilimwomba anipe kisu. Akanitazama kama nimemtukana.

"Kisu changu?"

"Samahani. Nimesahau."

"Hasira imekutoa akili. Shikilia ubao."

Akaingiza ncha ya kisu chini ya kishale cha kwanza, akapindua kifundo cha mkono vile tulivyokuwa tukipindua kwenye uti wa mgongo. Kikabanduka. Cha pili kikabanduka. Cha tatu kilikuwa kimelala kwenye bonge la gundi, na kilipotoka kikatoa mlio mdogo. Kiwiliwili kilikuwa kimepasuka nyuma, pale kijiti cha mabawa kinapoingia. Tuliona wote wawili. Alikifuta kwenye kanga yake, akaniwekea kiganjani.

Sikutaka mtu aseme nimeiba, kwa hiyo nilichana karatasi nikaandika: Nimechukua vyangu vitatu. Nikatia sahihi, nikaibandika pale mkia ulipokuwa, tukamrudisha samaki ukutani.

Usidhani baada ya hapo nilipata amani. Nilikaa nyumbani siku nzima nikikwangua gundi kwenye mikwaruzo ya shaba kwa sindano, na kila pete niliyoisafisha nilitamka jambo ambalo sitaliandika. Vishale viwili vikawa vizima. Kile cha tatu hakikuwa na matumaini. Basi nikachukua kimoja cha zawadi, nikakivisha uzi wa nyavu tabaka mbili, kama kisu. Kilinenepa, kikaacha kuzunguka. Lakini uzi hauwezi kuhamisha uzito. Pua yake ilibaki nzito.

Jumamosi ya jaribio ukumbi ulijaa. Karatasi yangu ilikuwa bado ipo pale kwenye mkia, na mwenyekiti hakuigusa wala hakuisema. Aliniamkia kama kawaida, nikaitikia marahaba kama kawaida, na sauti yangu ilisikika kama ya mtu anayefunga mlango.

Wenzangu wote wanne walipita. Nikasimama kwenye mstari. Vishale vyangu viwili vilikwenda kama mbwa waliofunguliwa. Ishirini, ishirini, mara moja hata ule mkanda mwembamba wa ndani unaozidisha mara tatu. Na kila raundi, kishale cha tatu, kile cha uzi, kilishuka. Tatu. Saba. Tatu tena. Nilijaribu kulenga juu zaidi kikapiga ukuta. Raundi ya kumi nilipomaliza, hata sikuhitaji kutazama. Nilikuwa nimehesabu mwenyewe.

Mwenyekiti akajumlisha kwa chaki: mia tatu tisini na saba.

Kisha akageuka, akatabasamu, akafuta kwa kiganja, akaandika mia nne. "Kwa heshima ya mama yetu," alisema. Watu wakaanza kupiga makofi.

Namshukuru Mungu kwamba mkononi sikuwa na kishale wakati ule. Nilikwenda mpaka ubaoni. Nilifuta mia nne yake kwa mkono huu huu, nikaokota chaki, nikaandika mia tatu tisini na saba. Mwandiko wangu si mzuri. Ulisomeka.

"Mama," mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, "tuzungumze nje."

"Tuzungumze hapa hapa. Zawadi ulinipa hapa hapa."

Alivua miwani akaifuta. Niliona kwamba naye ameumia, na sikujali. "Sasa nimekukosea nini, mama? Nimekununulia vishale. Nimekuweka ukutani ili wajukuu wakujue. Leo nimekuongezea alama tatu. Nimekukosea wapi?"

"Umeshayataja mwenyewe, yote matatu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, mwenzangu wa meza akamwambia anywe soda yake.

"Basi unataka nini?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyokuwa nimeyaandaa wiki nzima. Yote yalikimbia. Nikanyoosha mkono. "Nataka uutazame. Umekuwa unanipa mkono wa salamu miaka mingapi? Umewahi kuutazama?"

Akasita. Halafu, kwa kuwa ni mwalimu, na ualimu hautoki kwa mtu, akachukua kipande cha chaki akakiweka kwenye ukingo wa meza. "Kiokote kama unavyookota kishale."

Nikakiokota. Mtu wa mwisho kuniambia hivyo alikuwa mzee wa chumba cha baridi. Mwenyekiti aliinama. Alitazama kutoka pembeni, akazunguka akatazama kutoka upande wa pili. Akagusa kidole kilichonyooka, akajaribu kukikunja taratibu kama mtu anayejaribu mlango usiku asiamshe watu.

"Hakikunji," alisema.

"Tangu ulipokuwa bado unafundisha."

"Na umekuwa ukirusha hivi siku zote?"

"Mia nne na ishirini, mia nne na arobaini. Kitabu cha alama unakiandika wewe."

Aliandika chini ya hesabu yangu, Kurudia Jumamosi ijayo, kwa mujibu wa kanuni. Halafu akasema, bila kunitazama, "Jumatatu tutaenda mjini. Utachagua wewe. Mimi nitabeba mkoba."

Jumatatu tulikwenda kwenye duka la vifaa vya michezo karibu na soko. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu mwenye ndevu nyeupe, na babu yake, alivyotuambia, aliuza nyavu kwenye duka hilo hilo. Nilimwambia sitaki kuona mabawa. Akaelewa mara moja. Akatandika kitambaa cheusi, akaweka viwiliwili vitupu, tisa, kimoja kimoja.

Nilifumba macho. Nilishika punje ya rozari kwanza, kisha nikashika chuma, kisha punje. Vitatu vya kwanza vilikuwa virefu, vidole vyangu vikawa kama watu wawili kwenye benchi la watu wanne. Cha nne kilikuwa kinene lakini laini, kikageuka kidogo, na kugeuka kidogo kunatosha. Cha tano kilikuwa na mikwaruzo mikali inayouma ngozi. Mwenyekiti alitaka kusema kitu mara mbili, na mara mbili nilisikia akikimeza. Cha saba kilikuwa kifupi, kinene, kizito kidogo kuliko shaba yangu, na pete zake zilikaa nyuma. Nikakilaza juu ya kidole cha kati. Kilitikisika, kikatulia, pale pale dole gumba linapokuja. Nilikirudisha kwenye kitambaa nikajaribu cha nane na cha tisa ili nisikidhulumu kingine chochote, kisha nikarudi kwa cha saba.

"Masha-Allah," mwenye duka alisema. "Huyu mama hachagui, anakumbuka."

Tukanunua vitatu vya aina hiyo, na mwenyekiti akaniuliza tukiwa njiani, "Hasira imekwisha, mama?"

"Haijaisha."

"Itaisha lini?"

"Nikirusha tutajua."

Siku tano nilirusha nyumbani, kwenye ubao wa zamani uliotundikwa kwenye mti wa mpapai, mpaka bega likauma. Jumamosi nilipata mia nne na kumi na sita. Mwenyekiti aliandika kila raundi bila kuongeza wala kupunguza, na alipomaliza kujumlisha alinipa chaki nihakiki. Nilihakiki. Nilikwenda Nyegezi na wenzangu, nikasimama kwenye mstari, si kwenye kiti.

Nilipokwenda kuungama nilimweleza paroko yote, pamoja na kisu na karatasi. Aliuliza kama nimemsamehe mwenyekiti.

"Nimemsamehe, Baba. Yeye alipoombwa kutazama, alitazama."

"Basi umetua mzigo."

"Bado yupo yule wa kiwandani. Nilidhani nilishamaliza naye miaka ishirini iliyopita. Kumbe hasira yote hii nyingine ilikuwa yake."

Nyuma ya pazia akanipa malipizi, fungu moja la rozari kila siku kwa ajili ya mtu yule. Naendelea nalo. Siku nyingine nafika mwisho wa fungu, siku nyingine dole gumba linakwama kwenye punje ya tatu nami nakaa hapo nikingoja.

Sangara bado yuko juu ya mlango wa ukumbi. Vishale viwili vya shaba ninavyo, viko kwenye kifuko cha rozari pamoja na kile kilichopasuka. Pale mkiani, mwenyekiti alibandua karatasi yangu, akagandisha vile vitatu vyembamba vya zawadi, kimoja kikiwa bado na uzi wa nyavu. Mwenzangu wa meza anasema mkia umekuwa mrefu mno kwa sangara, sasa anafanana na kamongo. Mimi nimevitazama vizuri. Ukutani vinafaa.